Mashua Iliyokatwa Kamba

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 27, twasoma habari ya merikebu ya Iskanderia iliyochukua ngano kwenda Italia. Ndani yake walikuwamo watu 276: mabaharia, askari, abiria na wafungwa, na Paulo miongoni mwa wafungwa. Dhoruba iliwachukua siku nyingi, wala hawakuona jua wala nyota. Usiku wa 14 mabaharia wakapima maji, wakapata pima 20; mbele kidogo, pima 15. Wakaogopa miamba, wakatupa nanga nne za tezi.

Hapo mabaharia wakashusha mashua, wakisema wanakwenda kutia nanga za omo pia. Neno jema, tena la kazi! Lakini walikuwa wakikimbia. Hofu haiji kwetu ikijitaja jina lake. Huja imevaa nguo za kazi. Kipindupindu kikiingia kijijini, mzee wa kanisa humkumbuka nduguye wa mbali ambaye hakumjulia hali miaka mitatu, na mwalimu hukumbuka barua ya kupeleka mjini. (Asikasirike mtu, sisi tunaoandika tumekwisha kuzikumbuka barua za namna hiyo.)

Tena angalieni ni nani waliotaka kukimbia. Si wafungwa wala abiria, bali wale waliojua kamba na tanga. Ajuaye njia ya kutoka ndiye ajaribiwaye kwanza, naye ndiye wenziwe wasiyeweza kuokoka pasipo yeye. Ndilo neno Paulo alilomwonya akida na askari. Askari wakazikata kamba, mashua ikaanguka baharini. Nao pia waliipoteza! Tangu saa ile hakuna mtu merikebuni aliyekuwa na njia yake peke yake. Ndipo Paulo akatwaa mkate, akamshukuru Mungu, akala mbele ya wote; nao wakachangamka, wakala.

Lakini tusidhani mioyo iligeuka kabisa. Merikebu ilipokwama na kuvunjika, askari walewale walifanya shauri la kuwaua wafungwa, wasije wakatoroka kwa kuogelea. Akida akawazuia.

Katika nchi yetu, Jumapili tarehe 6 Novemba 2022, asubuhi, ndege iliyokuwa karibu kutua Bukoba ilianguka katika Ziwa Victoria. Walikuwamo watu 43; 19 wakafa, 24 wakaokoka. Wavuvi walifika mapema kwa mitumbwi yao. Hao nao walikuwa na chombo mkononi, kama wale mabaharia, wakakielekeza penye hatari. Baadaye kamba zikafungwa, na watu wengi wakavuta pamoja, ili ndege isogezwe karibu na nchi kavu.

Na wale wa merikebu? Waliojua kuogelea walijitupa kwanza. Wengine wakashika mbao na vipande vya chombo. Wote 276 wakafika pwani ya Malta. Mvua ilikuwa ikinyesha, na baridi ilikuwapo. Wenyeji, ambao hawakuwajua hata mmoja wao, wakawasha moto. Na Paulo, mfungwa, akaenda kuokota kuni.