Nani Anadaiwa na Udongo?

Chuoni nimefundishwa kwamba udongo ni amana. Mkulima ameupokea kutoka kwa waliotangulia, naye ana wajibu wa kuwaachia wajao ukiwa na rutuba. Huo ndio msingi wa kimaadili wa kilimo ikolojia, na niliukubali bila shida mpaka nilipoupeleka kwa bibi yangu.

Bibi ni mzaliwa wa Palma, kaskazini mwa Cabo Delgado. Shambani kwake palikuwa na minazi na mikorosho, na katikati yake muhogo uliochanganywa na kunde. Darasani tunaeleza kwamba bakteria katika mizizi ya kunde hunasa naitrojeni ya hewani. Yeye alijua tu kwamba palipoota kunde, muhogo hustawi. Tarehe 24 Machi 2021 wapiganaji waliushambulia mji wa Palma. Bibi alikimbilia Nangade, akaazimwa kipande cha shamba.

Nilipomtembelea nilimkuta akichoma majani ili apande. Nikamwambia, "Bibi, usichome. Yaache yaoze, yalishe udongo."

Akanijibu, "Mjukuu wangu, hayo yatalisha msimu ujao. Msimu ujao mimi nitakuwa wapi?"

Je, bibi alikosea? Wapo watakaosema ndiyo, kwa kuwa udongo unaochomwa kila mwaka huchoka, awe amechoma mwenyeji au mkimbizi. Hoja hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, wajibu humhusu mtu pale anapoweza kuutimiza. Mkorosho huchukua takriban miaka mitatu kabla ya kuanza kuzaa, na mnazi mrefu wa pwani huchukua sita au zaidi. Kumtaka mtu apande miti hiyo ni kumtaka aiamini kesho, na bibi amenyimwa sababu ya kuiamini.

Sheria ya Ardhi ya Msumbiji ya mwaka 1997 inasema ardhi ni mali ya dola na haiuzwi, lakini aliyeitumia kwa nia njema kwa miaka 10 ana haki ya kuendelea kuitumia. Ni sheria nzuri kwa aliyebahatika kukaa. Mkimbizi wa msimu mmoja ataitoa wapi miaka 10?

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Naona methali hiyo inamdai mgeni kazi, lakini haimwambii atalima mpaka lini. Kwa maoni yangu, wajibu wa kuutunza udongo haufutiki, ila unaanzia kwa mwenye uwezo wa kutoa muda: mwenye shamba, wazee wa kijiji, na serikali. Wao wakitimiza lao, ndipo tunaweza kumdai mkulima.

Mwaka uliofuata mwenye shamba alimwahidi bibi misimu mitatu, mbele ya wazee. Tangu hapo nusu ya shamba haichomwi. Nusu ya pili bado anaichoma, nami sijamwambia neno.