Kabla Hujaihukumu Pampu

Masomo ya wiki: 1 Wafalme 19:1–18, Ezekieli 36:25–27



Wiki hii nawaalika gereji. Hapa Diani na Ukunda nyumba nyingi zinakula kwa kazi ya vyombo vya moto, na wapo vijana wetu wanaoongoza watalii kwa zile pikipiki za magurudumu manne, kwodi. Kwodi ikizima katikati ya njia ya mchanga, hukumu hutolewa upesi: "Pampu ya petroli imekufa." Spea inaagizwa, pesa ya karo inatumika, pampu mpya inafungwa, na kesho yake kwodi inazima vilevile.

Fundi aliyefunzwa akafunzika huanza kwa kusikiliza. Kwenye kwodi za injekta, ufunguo ukifunguliwa kabla ya kuwasha injini, pampu iliyomo ndani ya tangi huvuma kwa sekunde 2 au 3, kisha hunyamaza. Mvumo ukisikika, anajua umeme unafika, na anaunga geji apime presha. Kwodi nyingi za aina hii hutaka bar 3 hivi, na kitabu cha modeli husika ndicho chenye neno la mwisho. Asiposikia kitu, bado hagusi tangi. Anatazama fyuzi. Anajaribu rilei nyingine ya aina ileile. Anaweka mita kwenye plagi ya pampu aone kama volti 12 zinafika, kisha anafuata waya wa ardhi hadi unapofungwa kwenye fremu. Hapa pwani chumvi ya bahari huila shaba hadi ikawa kijani, na waya unaoonekana mzima kwa nje unashindwa kupitisha umeme wa kutosha. Akiisugua ile kutu kwa msasa na kuikaza boliti, pampu iliyokwisha kuzikwa inavuma.

Wakati mwingine shida ni pumzi. Petroli inapotoka kwenye tangi, hewa lazima iingie kushika nafasi yake. Mpira wa kupumulia ukizibwa na matope, ndani ya tangi panajengeka mvuto unaoshindana na pampu. Injini inakwenda vizuri kwa muda, inakohoa, inazima. Ukipumzika nayo, inawaka tena. Fungua kifuniko cha tangi. Hewa ikiingia kwa mluzi na injini ikarudia mwendo wake, pampu haina kosa lolote.

Na kuna lile linalowahadaa wengi. Modeli nyingi zina kihisi cha kupinduka: kwodi ikilala ubavu, injini huzimwa na pampu hukatiwa umeme, petroli isiendelee kusukumwa kwenye chombo kilichoanguka. Hata ikiinuliwa hukaa kimya hadi ufunguo uzimwe na kufunguliwa upya. Asiyejua atasema pampu imevunjika katika anguko, kumbe kimya kile kiliwekwa na mtengenezaji kwa ajili ya ulinzi.

Ndugu zangu, tazameni jinsi tunavyohukumiana. Mama aliyekuwa nguzo ya kwaya haonekani tena; tunasema imani yake imepoa. Kijana amekuwa mkali nyumbani, tunasema ameharibika. Baba amepunguzwa kazi hotelini na hazungumzi na mtu. Tunasema ameiacha familia yake moyoni. Tunakwenda moja kwa moja kwenye moyo wa mtu, mahali pa ndani kuliko pote, kabla hatujauliza kama analala usiku, kama anakula, kama yupo mtu aliyekaa naye akamsikiliza. Na aliyeanguka akanyamaza, tunamhesabu aliyekwisha, wakati pengine anajikinga tu asiumie zaidi.

Hebu tumtazame Eliya. Jana yake alikuwa shujaa wa Karmeli. Leo, kwa tishio moja la Yezebeli, anakimbia hadi Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake huko, anaingia jangwani mwendo wa siku nzima, anaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Mtu angemwona vile angesema nabii ameishiwa, atafutwe mwingine. Mungu hakuanza hapo. Alimwacha alale. Akamtuma malaika amguse, na kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akamlisha tena, kwa kuwa safari iliyokuwa mbele ilimzidi nguvu. Hakuna lawama iliyotajwa chini ya mti ule. Kwa nguvu za chakula hicho alitembea siku 40 hadi Horebu.

Huko Horebu ndiko Mungu alikomuuliza alichokuwa akifanya, na jeraha likatoka kinywani mwa Eliya mwenyewe: alijiona amebaki peke yake. Mungu akamtajia watu 7,000 wasiompigia Baali magoti, akampa na Elisha wa kushika kazi baada yake. Mkate ulitangulia, swali likafuata, na jibu likaenda penye shida yenyewe. Mpangilio huo ni wa Mungu, na sisi tulioitwa kuchungana hatuna ruhusa ya kuugeuza.

Hata hivyo, pampu nyingine zimekufa kweli. Umeme unafika, waya wa ardhi ni mzima, tangi linapumua, na bado iko kimya. Hapo kuibadilisha ni lazima, na kubadilisha kuna adabu yake. Kazi hufanyika mahali peupe penye hewa, mbali na moto na sigara, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutambaa chini hadi ukutane na cheche. Presha inaondolewa kwanza: plagi ya pampu inachomolewa na injini, kama bado inawaka, inaachwa imalize petroli iliyo kwenye bomba. Kisha waya hasi wa betri unafunguliwa. Nasi tujifunze hapo. Mtu aliyejaa hasira usimfungue siku ileile ya ugomvi. Mpe nafasi presha ishuke, msije mkaungua wote wawili.

Kisha fundi anapangusa mchanga wote uliozunguka kifuniko cha pampu kabla hajakifungua. Akiitoa ile ya zamani, anaigeuza mkononi na kuangalia chujio lake la chini. Mara nyingi hapo ndipo ukweli ulipo: kitambaa cha chujio kimekuwa cheusi kwa matope na kutu. Pampu hiyo haikufa kwa uzee; ilivuta uchafu hadi ikachoka. Au dereva alizoea kutembea na petroli ya kulamba sakafu ya tangi, ilhali petroli hiyohiyo ndiyo inayoipoza pampu inapofanya kazi. Basi fundi akiweka pampu mpya ndani ya tangi lilelile chafu, anaihukumu kifo. Lazima tangi lisafishwe, oringi mpya iwekwe, boliti zikazwe kidogo kidogo kwa kupishana, na uvujaji ukaguliwe kabla ya kuondoka.

Nabii Ezekieli anatupa mpangilio uleule. Mungu anaahidi kuwanyunyizia watu wake maji safi na kuwatakasa, kisha anaahidi moyo mpya. Wengi wetu tunaomba moyo mpya na hatutaki tangi lioshwe. Tunaomba amani ya ndoa, na ujumbe wa siri umebaki kwenye simu. Tunaomba kuacha pombe, na jioni tunapita njia ileile yenye baa ileile. Mungu hatoi moyo mpya ili uuawe na uchafu wa zamani. Anayetubu aruhusu hayo maji yafike hadi chini.

Kwenu mafundi nina neno la pekee. Mteja haoni ndani ya tangi. Anaona mdomo wako tu. Ukimwambia kwamba shida ilikuwa kutu ya waya, wakati ungeweza kumuuzia pampu nzima, umemwabudu Mungu kwa mikono yenye grisi. Haki hiyo inasikika mbinguni.

Na sote, wiki hii, kila mmoja amtaje mbele za Mungu mtu mmoja aliyekwisha kumhukumu. Nenda kwake. Usiende na mahubiri. Nenda na chakula, keti, uliza habari zake kisha umwache aseme hadi amalize. Huenda ukakuta pa kusugua kidogo tu. Huenda ukakuta jambo kubwa linalotaka toba na msaada wa wazee wa kanisa. Kwa vyovyote utakuwa umepima kabla ya kusema.

Tuombe: Ee Bwana, wewe uliyemlisha Eliya kabla ya kumhoji, utufundishe kusikiliza. Wainue walioanguka wakanyamaza. Utuoshe hadi ndani, kisha utupe moyo mpya utakaodumu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.