Ngazi Kumi na Sita

Theluji ikianguka usiku hapa Hopkins, Minnesota, mji huvuliwa sauti zake moja moja. Hutangulia magari ya Mainstreet, akafuata mbwa wa jirani, mwisho upepo wenyewe. Alfajiri ninapotia udhu, maji ya bomba hunguruma kama mto wa masika, kwa kuwa hakuna kingine cha kushindana nayo. Nilizaliwa Tanga, ambako ukimya wa namna hii haupo. Hata usiku wa manane kuna bahari, kuna jogoo asiyejua saa. Imenichukua miaka mingi ya baridi kutambua kwamba ukimya nao una kina, kama kisima, na kwamba kuna vitu huonekana chini yake ukiinama vya kutosha.

Baada ya sala hukaa mbele ya kompyuta ya zamani, Commodore 64, aina iliyotoka mwaka 1982. Niliipata katika duka la vitu vikuukuu. Rangi yake ni hudhurungi, umbo lake kama boflo lililotoka tanuri. Chipu yake ya sauti, SID, ilibuniwa na Bob Yannes ili ipige muziki wa sauti tatu kwa pamoja. Kinywa haikupewa. Hapakuwekwa njia ya kurudisha maneno ya mtu yaliyorekodiwa.

Lakini ina rejista ya volumu, anwani 54296, yenye ngazi 16, kuanzia 0 hadi 15. Na ndani ya chipu mlibaki umeme kidogo uliotulia, ambao haukuwa na kazi yoyote katika muziki. Kwa sababu yake, kila volumu ilipobadilishwa spika ilitoa mlio mdogo: ta. Ilikuwa kasoro. Wapo walioikalia kasoro ile wakaisikiliza, wakagundua kwamba ukibadilisha volumu maelfu ya mara kwa sekunde, ukifuata vipimo vya wimbi la sauti, zile ta hushikana zikawa neno. Mwaka 1984 mchezo wa Impossible Mission ulizungumza kwa sauti ya mtu, kutoka kwenye chombo kisichokuwa na kinywa.

Watoto wa jimbo hili walizoea kifaa chenye uwezo mdogo zaidi. MECC, shirika lililoanzishwa Minnesota mwaka 1973 kufikisha kompyuta mashuleni, liliichagua Apple II mwaka 1978. Spika ya Apple II haina ngazi. Anwani 49200 ikiguswa, utando wa spika husukumwa upande mmoja. Ikiguswa tena, hurudi. Ndiyo na hapana, basi. Hata hiyo wapo walioifanya iseme, kwa kupima muda tu kati ya mguso na mguso.

Ninapoifanya kompyuta yangu iseme, huifikiria tasbihi. Sauti ya mtu hukatwa vipande 8,000 kwa sekunde, kila kipande kikawa namba moja, punje moja. Punje peke yake haina maana yoyote. 9 ni 9. Maana huja zikipita kwa mpangilio, kwa mwendo ulio sawa. Kompyuta yangu hupiga mizunguko milioni moja na ushei kwa sekunde, kwa hiyo kila punje ina mizunguko 127 hivi. Moja ikichelewa, sauti hukwaruza. Zikichelewa nyingi, huyo aliyekuwa akisema hupotea, kikabaki kishindo.

Na kinachozichelewesha ni macho. Chipu inayochora picha husoma kumbukumbu ileile inayosomwa na prosesa, na kila baada ya mistari 8 ya picha huisimamisha prosesa kwa mizunguko 40 na ushei ili ichote herufi zake. Kwa hiyo waandishi wengi wa programu walichukua njia moja iliyo nyepesi: walizima kioo. Picha ikaondoka, sauti ikanyooka. Nilipolijua hili niliacha nilichokuwa nikifanya, nikakaa kimya kwa muda mrefu. Tangu utotoni nafundishwa khushuu, kukusanya moyo ndani ya sala, na sikuwahi kuielewa vizuri kama siku ile nilipoona kioo kikiwa kitupu na spika ikianza kusema.

Ninayo na kompyuta ya pili ya aina hiyo, nyeupe, ya miaka ya mwisho ya 80. Chipu yake ya sauti, 8580, ilisahihishwa. Ule umeme uliotulia uliondolewa karibu wote. Basi michezo ya zamani ikichezwa humo, muziki ni safi, lakini waliokuwa wakizungumza sasa wananong'ona. Mafundi huirudisha kasoro kwa kuchomea rezista moja kwenye mguu wa chipu unaopokea sauti ya nje. Nimeishika rezista hiyo kiganjani, ndogo kama punje ya mchele. Miaka yote nimekuwa nikiomba niondolewe huzuni ya kuwa mbali na kwetu. Siku hizi dua hiyo naiomba taratibu, na mara nyingine huiacha katikati.

Mama yangu, Mungu amrehemu, hakupenda kuandika. Alituma kaseti kwa mkono wa wasafiri. Katika moja yupo jikoni, anakuna nazi, na anasema: "Mwanangu, umeshakula?" Sekunde mbili. Katika ngazi 16 maneno hayo huchukua baiti 8,000, kwa kuwa kila baiti hubeba punje mbili. Hata kumbukumbu yote ya kompyuta isingetosha zaidi ya sekunde 16 za mama.

Nilipoyacheza mara ya kwanza alikuwepo, kana kwamba anasema chini ya paa la bati wakati wa mvua. Lakini mbuzi haikusikika. Mkwaruzo wa nazi ulikuwa mdogo kuliko ngazi ya kwanza, na kila kilicho chini ya ngazi hiyo huhesabiwa kuwa si kitu. Wahandisi wa sauti wana dawa yake, nami sikuiamini mpaka nilipoijaribu: kabla ya kupima, unainyunyizia sauti kelele hafifu isiyo na mpangilio. Kelele huutikisa ule mkwaruzo mdogo, mara ukaigusa ngazi, mara ukaikosa, na katika kugusa na kukosa huko umbo lake hupita.

Nikainyunyiza. Nikazima kioo, na taa ya chumba pia. Nje theluji ilikuwa ikiendelea. Mvua juu ya bati ilizidi, mama akauliza swali lake, na nyuma yake, mbali, kwaru, kwaru, kwaru.