Mwalimu Wenu wa Kiingereza ni wa Wapi?

Mzazi anayetafuta shule ya mchepuo wa Kiingereza, awe Mwanza, Arusha au Dar es Salaam, ana swali ambalo hawezi kuliuliza juu ya mwalimu wa hisabati. Anataka kujua mwalimu wa Kiingereza ni wa wapi. Akiambiwa ni Mwingereza au Mmarekani, uso unachangamka. Akiambiwa ni Mkenya au Mganda, anaridhika. Akiambiwa ni Mtanzania mwenye shahada na uzoefu wa miaka mingi darasani, anauliza kama hakuna mwingine.

Nataka kulitafakari swali hili kwa heshima, kwa sababu anayeliuliza si mjinga, na mara nyingi hana nia ya kumdharau mtu. Yuko kwenye tatizo ambalo wanafalsafa walilijua zamani. Katika mazungumzo ya Plato yanayoitwa Charmides, Socrates anauliza mtu asiyejua udaktari atamtambuaje daktari wa kweli na kumtofautisha na tapeli. Jibu linaloelekea kutoka pale linatisha: hawezi. Anayeweza kumpima daktari ni daktari mwenzake. Mzazi wetu yuko hapo hapo. Analipa ada kubwa ili mtoto apate kitu ambacho yeye mwenyewe hakupewa, na kwa kuwa hakupewa, hana masikio ya kumpima anayekigawa. Kinachobaki ni kushika alama inayoonekana kwa macho, na alama zilizo karibu ni pasipoti na ngozi.

Alama si upuuzi. Aliyezaliwa na kukulia Leeds, Uingereza, anasema Kiingereza, hilo halina ubishi. Shida ni kwamba mzazi aliuliza nani atamfundisha mtoto wangu, naye akajibiwa nani anasema Kiingereza. Kati ya maswali hayo mawili kuna kazi nzima ya ualimu. Mwanafunzi wa Kondoa anapomtaja baba yake kwa kiwakilishi cha kike, mwalimu aliyekulia Kiswahili anajua papo hapo kosa limetoka wapi: katika lugha ya mtoto, “yeye” haibagui mume na mke. Amewahi kulifanya kosa hilo mwenyewe, akalivuka, na njia aliyolivukia anaikumbuka. Mzawa wa Leeds hana kumbukumbu ya njia hiyo, maana hakupita. Anaweza kujifunza, na wapo wanaojifunza kwa bidii na kuwa walimu wazuri sana. Lakini atajifunza katika chuo cha ualimu na darasani, si kwa mama yake.

Uraia na rangi vinapokuja pamoja kwa mtu mmoja, hatuoni kipi kati ya hivyo viwili kinatuongoza. Tunaona vinapoachana. Peace Corps, shirika la kujitolea la serikali ya Marekani, limekuwa likileta walimu Tanzania kwa vipindi tofauti tangu miaka ya 1960. Miongoni mwao wamo Wamarekani weusi, na wamo Wamarekani ambao wazazi au babu zao walitoka Korea, China au Ufilipino. Mmarekani mweusi anaulizwa na wenyeji, kwa wema kabisa: “Lakini kwenu hasa ni wapi?” Mwenzake mwenye asili ya Korea anaitwa “Mchina” kuanzia stendi ya basi hadi mlango wa darasa, na akijieleza kuwa ni Mmarekani, wasikilizaji wanatazamana. Pasipoti zao ni zile zile. Kiingereza wamekipata nyumbani na shuleni kama wenzao weupe. Ikiwa bado wanatiliwa shaka, basi swali la “ni wa wapi” halikuwa swali la uraia. Lilikuwa swali la uso, limevalishwa nguo za uraia kwa sababu la uso tunaona haya kuliuliza.

Nchini Korea Kusini mambo haya mawili yamegawanyiwa ofisi mbili. Serikali inashughulika na pasipoti: viza ya walimu wa lugha, inayoitwa E-2, kwa upande wa Kiingereza imejengwa juu ya orodha ya nchi saba, yaani Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Soko linashughulika na uso. Vituo vya tuisheni, hagwon, vimezoea kumtaka mwombaji kazi aambatanishe picha yake, na ndiyo maana kijana wa ukoo wa Kikorea aliyezaliwa Los Angeles, asiyeota ndoto kwa lugha nyingine ila Kiingereza, anaweza kujikuta ameachwa nyuma ya mtu mweupe mwenye sifa pungufu. Wazazi wanaolipa wanataka kuona Kiingereza kabla ya kukisikia.

Itazame ile nchi ya saba katika orodha. Kwa sensa ya mwaka 2022, watu wanaotumia Kiingereza nyumbani Afrika Kusini hawafiki asilimia 10. Kwa hiyo mwombaji kutoka huko hudaiwa uthibitisho kwamba alisomeshwa kwa Kiingereza tangu darasa la saba. Hicho ni kigezo cha haki: kinapima mtu amepitia nini. Lakini Mkenya aliyesoma kwa Kiingereza kuanzia darasa la nne hadi chuo kikuu anakitimiza na kukizidi, na hakuna anayemwomba cheti hicho, kwa kuwa nchi yake haimo. Kigezo kipo, ila mtu hafikishwi kwenye kigezo. Anazuiwa getini.

Mtu anaweza kusema kwamba masikio hatimaye yatasahihisha macho: mwache mwalimu afundishe, ukweli utajulikana. Ningependa iwe hivyo. Mwaka 1992 mtafiti wa Marekani, Donald Rubin, alichapisha matokeo ya jaribio ambalo limenisumbua kuliko hoja yoyote katika mjadala huu. Wanafunzi wa chuo kikuu walisikilizishwa mhadhara uliorekodiwa, sauti moja, ya mwanamke aliyekulia Ohio. Kundi moja liliwekewa picha ya mwanamke mweupe, jingine picha ya mwanamke mwenye sura ya Kiasia. Waliotazama sura ya Kiasia walisikia lafudhi ya kigeni ambayo haikuwepo. Si hivyo tu: walipopimwa walichoelewa, walikuwa wameelewa kidogo zaidi.

Tusipite hapo haraka. Tumezoea kufikiri kwamba tunasikia kwanza, halafu tunahukumu. Jaribio hili linaonyesha hukumu ikitangulia na kuingia ndani ya kusikia kwenyewe. Aliyemdharau mwalimu kwa uso wake hakumnyima heshima tu. Amejinyima somo, na akitoka darasani atasema kwa unyofu kabisa kwamba mwalimu haeleweki. Hasemi uongo. Kwake yeye mwalimu kweli hakueleweka. Ubaguzi wa namna hii hujitengenezea ushahidi, na ndiyo sababu uzoefu peke yake hauuponyi.

Mwanafalsafa Miranda Fricker, katika kitabu alichokitoa mwaka 2007, aliipa jina hali ya msemaji kuaminiwa pungufu kwa sababu ya kundi lake. Kwa Kiswahili naweza kuiita dhulma ya ushuhuda. Fricker aliweka uzito kwenye ule upungufu. Mwanafalsafa mwenzake, José Medina, alimjibu kwamba imani hugawanywa kwa kulinganisha, na ziada anayopewa mmoja ni sehemu ya dhulma anayotendewa mwenzake. Kwa yanayotokea kwetu, naona Medina ameona mbali zaidi. Yako madarasa Moshi, Arusha na Zanzibar ambako kijana wa miaka kumi na minane, ndiyo kwanza amemaliza sekondari huko Ulaya, anakuja kujitolea kwa wiki chache na kukabidhiwa chaki. Mwalimu mwenye stashahada ya ualimu anasogea pembeni, anakaa kwenye dawati la nyuma pamoja na watoto. Hakuna aliyemtukana, wala hakuna aliyemwambia hajui. Lakini watoto arobaini wameona nani amesogea, na siku kijana yule akiondoka, mwalimu anarudi mbele ya darasa akiwa amepunguzwa.

Kijana mwenyewe simlaumu. Na ukarimu wetu ni jambo jema. Mgeni njoo mwenyeji apone ni busara tunayoiishi. Ila hapo mwenyeji hakupona. Ukarimu ulipaswa kumpa mgeni kiti na chakula, ukaenda mbele ukampa mamlaka ambayo hakuyasomea.

Mawazo haya ya kumtanguliza mzawa wa lugha hayakuzaliwa mitaani kwetu tu, yalipewa pia baraka za kitaalamu. Mwaka 1961 Makerere ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola juu ya kufundisha Kiingereza kama lugha ya pili. Mtaalamu wa isimu Robert Phillipson, katika kitabu chake cha mwaka 1992, aliyachambua mafundisho yaliyotiwa nguvu na mkutano ule na kuyaita potofu. Mojawapo ni kwamba mwalimu bora wa Kiingereza ni mzawa wa lugha hiyo. Mwaka uliofuata, 1962, kilima hicho hicho cha Makerere kiliwakusanya waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Walikuwepo Chinua Achebe na Wole Soyinka, na alikuwepo Ngũgĩ wa Thiong'o, wakati huo bado mwanafunzi wa Makerere. Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu ambaye pasipoti yake ingemwingiza katika ile orodha ya saba.

Kiini cha jambo nakiona hapa. Anayeamini kwamba Kiingereza cha kweli kinapatikana kwa kuzaliwa nacho tu, ameamini pia kwamba mtoto wake hatakipata kamwe. Mtoto wa Kitanzania au wa Kikorea hawezi kuzaliwa upya Leeds. Njia pekee iliyo wazi kwake ni kujifunza, na mtu pekee anayeweza kumthibitishia kwamba njia hiyo inafika ni mtu aliyeipita. Mwalimu Mtanzania anayesimama mbele yake akisema Kiingereza safi ni ushahidi unaotembea. Mzazi anayemkataa mwalimu huyo kwa sababu hakuzaliwa na lugha anaikana ile ile ahadi aliyoilipia ada. Na mtoto ni msikivu. Akikua akiona kwamba waliojifunza hawatoshi, atajua ni kundi gani linamngoja hata akifaulu mitihani yote.

Nasema hivi bila kusahau kwamba mzazi huyo huyo, pengine bila kujua, ameshaiacha nusu ya imani hiyo. Tangu shule binafsi za mchepuo wa Kiingereza zilipoanza kuongezeka Tanzania miaka ya 1990, nyingi zimewategemea walimu kutoka Kenya na Uganda, na wazazi wamewapenda. Mkenya huyo mara nyingi alianza maisha kwa Kikamba, Kiluo au Kiluhya, akaongeza Kiswahili, kisha Kiingereza shuleni. Anayemchagua yeye amekubali kwamba Kiingereza hujengwa na shule. Sasa mpandishe mwalimu huyo ndege kutoka Dar es Salaam kwenda Seoul. Alipoondoka alikuwa mwalimu anayetafutwa; anapofika si mtu wa kupewa viza ya kufundisha Kiingereza. Kiingereza chake hakikubadilika angani. Kilichobadilika ni macho yanayomtazama, na hilo linatuonyesha kwamba sifa tuliyodhani ni ya mwalimu ilikuwa tangu mwanzo ni ya watazamaji.

Nasi tuna lugha yetu, na sioni haki ya kuwahukumu Wakorea kabla ya kujitazama katika Kiswahili. Vijana wa Tanzania na Kenya huenda Marekani kufundisha Kiswahili vyuoni kwa mpango wa Fulbright, na huko hupokewa kama wazawa wa lugha hii. Wengine ni wazawa kweli. Wengine walianza na Kifipa, Kinyakyusa au Kikuyu, na Kiswahili kiliwajia na shule na barabara. Hakuna anayewauliza, na sioni sababu ya kuwauliza: Kiswahili ni chao kwa kukitumia. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, mtoto wa Kikerewe, na aliyoyafanya katika mashairi na riwaya ya Kiswahili hadi kifo chake mwaka 2020 hayahitaji cheti cha kuzaliwa pwani. Hata hivyo tabia ya kumrudisha mtu kwao tunayo. Mzungu akisalimia kwa maneno matatu tunampigia makofi. Mtu wa bara akikosea upatanisho wa ngeli tunamcheka, na tunamwambia lugha ina wenyewe.

Huko Korea Kusini, Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni kimefundisha Kiswahili kwa miongo kadhaa, na wamo Wakorea waliofikia kukisoma na kukifundisha kwa kina. Tuseme mmoja wao amekuja Dodoma na kuomba kuwafundisha watoto wetu sarufi ya Kiswahili, akiwa na vyeti, vitabu na miaka ya kazi mkononi. Tungemkaribisha, bila shaka, na tungempiga picha. Kama tungemwachia darasa, au tungemwuliza kwanza ni wa wapi, sina hakika.