Nia, Simu na Saa ya Kusoma: Je, Mwenye Kuahirisha Hujua Atendalo?

Miongoni mwa maswali makongwe ya falsafa ya maadili, yaani taaluma inayochunguza wema na ubaya wa matendo ya binadamu, ni lile linalouliza inakuwaje mtu alijue lililo bora, awe na uwezo wa kulitenda, kisha atende kinyume chake. Swali hilo linajitokeza leo mezani pa mwanafunzi ambaye mtihani umemkaribia na kitabu kiko wazi mbele yake, naye anaperuzi simu huku akijiambia kwamba ataanza baada ya dakika tano. Makala haya yanashikilia kwamba kosa lake halimo hasa katika dakika anayoshindwa, bali katika saa iliyotangulia, alipoacha kujiwekea masharti akiwa bado na uwezo wa kuyaweka.

Mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale Socrates, katika mazungumzo yaitwayo Protagoras yaliyoandikwa na mwanafunzi wake Plato, alikataa kwamba mtu anaweza kushindwa na raha hali anajua lililo bora; kwake yeye, anayekosea amekosa maarifa tu. Aristotle, mwanafunzi wa Plato, hakuridhika na jibu hilo. Katika kitabu cha saba cha Maadili ya Nikomako alijadili akrasia, yaani udhaifu wa nia, akaufananisha ujuzi wa mtu wa namna hiyo na ule wa aliyelala au aliyelewa: ujuzi anao, lakini haumfai wakati wa kutenda. Hali ya mwanafunzi wetu inaafiki zaidi maelezo ya Aristotle, kwa kuwa tarehe ya mtihani anaijua, hasara ya kufeli anaijua, na hata mada zinazomsumbua anaweza kuzitaja moja baada ya nyingine.

Ili kuona jinsi ujuzi huo unavyolala, yafaa kulitazama tendo lenyewe. Mwanafunzi huichukua simu kwa sababu halali kabisa, kwani maswali ya mtihani wa mwaka uliopita yametumwa katika kundi la WhatsApp la darasa lake. Juu ya kioo anakuta arifa, yaani taarifa fupi kwamba kuna ujumbe mpya. Anaufungua, ujumbe unampeleka kwenye video, na kabla ya kutafakari video ya pili imeshaanza, mpaka bando linakwisha au usingizi unamchukua, na yale maswali aliyoyafuata hayajafunguliwa. Katika mfululizo huo hakuna hatua hata moja ambapo aliamua kutosoma. Wanasaikolojia Charles Ferster na B. F. Skinner walionyesha katika kitabu chao cha mwaka 1957 kwamba njiwa anayepata chakula mara asiyoweza kuitabiri huendelea kudonoa bila kuchoka upesi. Na mtu anayevuta kioo cha simu kutafuta jipya, ambalo huenda lipo na huenda halipo, yumo katika mpango unaofanana na huo. Kwa hiyo wanaotengeneza programu za kunasa macho ya watu wana sehemu yao ya lawama, na si haki kumtwisha mwanafunzi mzigo wote.

Hata hivyo, kuahirisha ni kukongwe kuliko simu. Agostino wa Hippo, mwanateolojia wa Kikristo, katika kitabu chake Maungamo, anasimulia jinsi alivyotaka kuongoka na papo hapo akawa hataki, akiomba muda kidogo tena na tena, hadi mwaka 386 mjini Milan nia yake ilipotulia. Masimulizi hayo yanafundisha kwamba mwenye kuahirisha hakatai wajibu wake. Anaukubali, ila anamkabidhi mtu wa kesho, na hivyo hupata raha ya aliyetii bila taabu ya kutii. Tena somo gumu humfichulia mtu asichokijua, nalo ni jambo linaloumiza, ilhali simu haimdai chochote. Anachokikimbia mwanafunzi mara nyingi si kazi, bali aibu ya kutoelewa.

Dawa ya kuahirisha iliyo kamili zaidi inapatikana kwa mwanazuoni wa Kiislamu Imam Ghazali (1058–1111), ambaye katika kitabu chake Ihya Ulumiddin anaitendea nafsi kama mshirika wa biashara anayekabidhiwa mtaji. Kwanza huja musharata, yaani kuiwekea nafsi masharti kabla ya kazi. Kisha muraqaba, yaani kuichunga wakati wa kazi. Na baadaye muhasaba, yaani kuihesabia faida na hasara kazi inapokwisha. Mfanyabiashara mwenye busara hasubiri mtaji upotee ndipo aandike mkataba. Kwa mwanafunzi, sharti ni kuyanakili maswali kwenye daftari mchana, kuizima simu na kuiacha chumba kingine, na kutaja mada moja atakayoisoma. Huenda ikasemwa kwamba aliyeficha simu hajashinda kishawishi, amekikwepa tu. Lakini kukikwepa ni tendo la hiari lililofanywa saa ambayo hiari ilikuwa hai, na tabia njema, kama Aristotle alivyofundisha, hujengeka kwa kurudiarudia matendo ya namna hiyo.

Uzito wa jambo hili unapita matokeo ya mtihani. Mwanafalsafa wa Kifaransa Simone Weil (1909–1943), katika insha aliyoiandika mwaka 1942, alieleza kwamba lengo la ndani la masomo ya shule ni kukuza umakini, ambao kwake ndio kiini cha sala, hivyo juhudi ya kweli juu ya hesabu isiyopata jibu haipotei. Waislamu nao wanasisitiza khushuu, yaani moyo kuhudhuria na kunyenyekea katika swala. Asiyeweza kutulia na ukurasa mmoja atapata shida kutulia na rakaa mbili, na atapata shida pia kumsikiliza mgonjwa anayemweleza maumivu yake.

Umakini, basi, ni amana, na mwenye amana huulizwa aliilindaje kabla mwizi hajafika. Mwanafunzi aliyeshindwa jana asijihukumu kuwa hafai, wala asingoje ari kubwa imshukie. Na aweke sharti moja dogo leo, kabla hajafungua kitabu, kisha alitimize.