Kisiwa Kisemwacho Kumeza Watu

Msomaji, huenda umeonyeshwa filamu isimuliayo kwamba katika Ziwa Turkana kuna kisiwa kisichorudisha mtu, na kwamba wageni wa nyota nyingine huteremka huko wakachukua watu. Sauti ya msimulizi ni nzito, ngoma zalia chini kwa chini, na ushahidi mkubwa ni huu: mwaka 1934, ziwa lilipokuwa likiitwa Rudolf, wataalamu wawili wa msafara wa Vivian Fuchs, Martin na Dyson, walivuka hadi Kisiwa cha Kusini wasionekane tena.

Kupotea kwao ni kweli. Lakini filamu haikawii juu ya upepo. Ziwa lile hupigwa na upepo mkali wa mashariki uinuao mawimbi kwa ghafula. Mashua yao ilikuwa ndogo, na maji yana mamba wengi. Miili haikupatikana. Basi mtengeneza filamu hulitwaa neno "haikupatikana" akalifasiri "ilichukuliwa". Hapo ndipo nimshitakipo, maana amegeuza ujinga wetu kuwa ujuzi wake, akauuza.

Wewe ukaaye Githongo, ubavuni mwa Mlima Kenya, waujua msitu na ukungu wake. Mtu asiporudi jioni, jirani huuliza alishika njia gani, alivaa nini, mto umejaa au la, ndovu wameonekana wapi. Maswali hayo hayana ngoma. Lakini aliyeanguka korongoni aweza kuwa hai bado, na kila saa ipoteayo katika kubishana juu ya majini na taa za angani hutolewa katika saa zake.