Kujithamini Si Kibri



Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), aliyemuumba mwanadamu kwa umbo lililo bora. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Maswahaba zake na wote wanaofuata uongofu wao mpaka Siku ya Kiyama. Ama baad.

Ndugu zangu wanafunzi, wa kiume na wa kike, huu ni mwaka wa tatu nasimamia darsa ya baada ya Alasiri katika msikiti wetu wa chuo. Kila matokeo ya muhula yanapobandikwa, safu hupungua. Wengi wanaopotea ni wale waliofeli somo moja au mawili. Muhula uliopita nilimfuata mmoja wao hosteli. Aliniambia hana uso wa kusimama safu moja na wenzake waliofaulu, kwamba yeye ni mtu bure, na mtu kama yeye hata dua yake haifiki popote. Aliyasema hayo akidhani ndio unyenyekevu.

Nimeandika makala haya kwa ajili yake na wengine walio kama yeye. Tangu madrasa tumefundishwa hatari ya kibri, na ni haki kufundishwa, kwani Mtume (S.A.W.) ametuonya kuwa haingii Peponi mwenye chembe ya kibri moyoni mwake. Lakini vijana wengi wamechukulia kuwa dawa ya kibri ni kujidharau. Hiyo si dawa, ni ugonjwa wa pili.

Tuanze na kibri chenyewe. Katika Hadithi hiyo hiyo, aliyoipokea Muslim kutoka kwa Abdullah bin Masud (R.A.), mtu mmoja aliuliza juu ya anayependa nguo yake iwe nzuri na kiatu chake kiwe kizuri. Mtume (S.A.W.) akamfahamisha kuwa Allah ni mzuri na anapenda uzuri, kisha akabainisha kuwa kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Basi dada anayenyoosha mkono darasani akajibu swali kwa kujiamini hana kibri, maadamu akisahihishwa na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anakubali. Na anayetembea kainamisha kichwa anaweza kuwa na kibri kikubwa, ikiwa haambiliki.

Nabii Yusuf (A.S.) alipotoka gerezani aliomba akabidhiwe hazina za nchi ya Misri, na akaeleza sifa zinazomstahilisha: kwamba yeye ni mlinzi mwaminifu na mjuzi wa kazi hiyo (Yusuf, 12:55). Hakujivuna wala hakujificha. Alijua alichopewa na Mola wake, akakitaja pale watu walipokihitaji. Watu wakapata chakula miaka ya njaa.

Sasa tutazame habari ya Adam na Iblis, maana ndani yake mna nafsi mbili mbele ya kosa. Wote wawili waliasi amri. Iblis alipoulizwa, alijitetea kwa kulinganisha: yeye wa moto, Adam wa udongo, kwa hiyo yeye ndiye bora. Adam na mkewe walipoulizwa, walikiri kuwa wamejidhulumu, wakaomba kusamehewa na kurehemewa. Zote hizi zimo katika Suratul A'araf. Zingatia kuwa Adam hakukana kosa, wala hakusema kuwa kwa kosa lile yeye hafai tena kuzungumza na Mola wake. Alisimama na kosa lake mkononi, akaomba. Hiyo ndiyo nafsi yenye afya. Ina nguvu ya kusema "nimekosea" bila ya kuvunjika.

Wanavyuoni wanatufundisha hali za nafsi zilizotajwa katika Qur'an: nafsi inayoamrisha maovu, nafsi inayojilaumu, na nafsi iliyotulia. Nafsi inayojilaumu, ambayo Allah (S.W.) ameiapia katika Suratul Qiyama, hulaumu kitendo ili mwenyewe abadilike. Anayejidharau hana kazi na kitendo, anajihukumu yeye mzima. Kati ya "nimefeli somo hili" na "mimi ni wa kufeli tu" pana umbali mkubwa. La kwanza linakupeleka maktaba. La pili linakupeleka kitandani, mchana, shuka mpaka kichwani.

Tena Mtume wetu (S.A.W.) aliangalia hata lugha tunayotumia juu ya nafsi zetu. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Mama Aisha (R.A.) kwamba alikataza mtu kusema nafsi yake imekuwa chafu, akaelekeza neno jingine lililo laini, lenye maana ya kuwa nafsi haijisikii vizuri. Hakumkataza mtu kueleza shida yake. Alimkataza kujipa jina baya. Ndugu yangu, ni mara ngapi wiki hii umejiita mjinga, takataka, mkosi? Ungemwita mwenzako hivyo, tungekuambia umemdhulumu. Na nafsi yako pia ni amana.

Chanzo cha haya yote ni mizani. Mwenye kibri na mwenye kujidharau wote wanajipima kwa watu: mmoja kajiona kazidi, mwingine kajiona kapungua. Chuoni kwetu hapa Uganda tuna wenzetu kutoka Arua, Kasese, Bujumbura, Goma na Mombasa. Nawajua waliosoma kwa Kifaransa miaka yote, ambao darasani hawafungui mdomo kwa kuogopa Kiingereza chao kuchekwa. Jawabu wanalo, ila wanajipima kwa lafudhi.

Maswahaba siku moja walicheka walipoona wembamba wa miguu ya Abdullah bin Masud (R.A.). Mtume (S.A.W.) akawaambia kuwa miguu ile katika mizani ya Allah ni mizito kuliko mlima wa Uhud. Na alikuwapo bedui mmoja aitwaye Zahir (R.A.), hakuwa na sura ya kuvutia. Mtume (S.A.W.) alimkuta sokoni akiuza bidhaa zake, akamkumbatia kwa nyuma, akafanya mzaha wa kumnadi. Zahir akasema kuwa bidhaa kama yeye haitapata mnunuzi. Mtume (S.A.W.) hakuliacha neno lile lipite. Alimwambia kuwa mbele ya Allah yeye ana thamani kubwa. Mzaha uliishia hapo, likabaki somo.

Basi tufanye nini? Kwanza, tuchunge ndimi zetu juu ya nafsi zetu. Taja kosa kwa jina lake, ulitubie au ulirekebishe, uishie hapo. Pili, usijitenge na jamaa. Mtume (S.A.W.) aliporudi kutoka pangoni Hira akitetemeka, Bibi Khadija (R.A.) alimkumbusha wema wake: anaunga udugu, anabeba mizigo ya wanyonge, anakirimu wageni. Ikiwa mbora wa viumbe alihitaji kukumbushwa, sembuse sisi? Kwa hiyo ukiona mwenzako hajaonekana msikitini baada ya matokeo, usimsubiri, nenda ukamgongee mlango. Tatu, ikiwa giza limezidi, huli, hulali, unatamani usiwepo, mwambie mtu leo hii na umwone daktari au mshauri wa wanafunzi. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kutafuta matibabu, na maradhi ya moyo na akili ni maradhi kama malaria. Kuyatibu hakupunguzi imani.

Na wewe uliyefaulu, usipite mbele ya ubao wa matokeo ukimcheka mwenzako. Kumdharau ni nusu ya kibri.

La mwisho, ambalo nilimwambia yule kijana wa hosteli. Katika Suratuz Zumar aya ya 53, Allah (S.W.) anazungumza na watu waliojidhulumu kupita kiasi, anawakataza kukata tamaa na rehema Yake. Na katika wito huo huo anawaita waja Wake. Dhambi zao zote hazikuwaondolea jina hilo. Je, somo moja la hesabu litakuondolea wewe?

Ewe Mola, zipe nafsi zetu uchamungu wake na uzitakase, Wewe ni mbora wa kuzitakasa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.